Saruji Niliyoitaka Mimi

Jumamosi. Mvua imekatika tangu alfajiri, lakini ukuta wa chumba cha Mama bado unatoka jasho.

Nimeshinda nyumbani nikimtazama Fundi Haji akibandua lipu. Anagonga patasi taratibu, saruji inadondoka mapande mapande, na nyuma yake mawe yamelowa chepechepe. Nyumba yetu hapa Mji Mkongwe ni ya mawe na chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya mvua kisha huyatoa wenyewe. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Nilijua. Haji aliniambia mwaka jana, mara tatu.

Lakini chokaa hutaka kulowekwa wiki kadhaa kabla ya kupakwa, na mimi na subira hatujapata kuelewana. Nikang'ang'ania saruji.

Lipu ilipovimba, Mama akahamia kwa dada yangu Mbweni, maana kifua chake hakiwezi unyevu. Kila aliyekwenda kumjulia hali, Mama alimwambia kuwa Haji kaiharibu nyumba ya marehemu mumewe. Nami nipo, nasikia, namimina chai.



Majirani wawili waliomwahidi Haji kazi wakatafuta fundi mwingine. Haji hakulalamika, na nilipomwita aje kurekebisha, alikuja.

Adhuhuri, alipokaa kupumzika, nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Mama yako nnamwamkia tangu mdogo," akasema. "Leo nimwendee nimwambie mwanawe ndo mwenye kosa? Hilo la kusema wewe."

Akaenda zake uani kuitazama chokaa, iliyolala pipani chini ya gunia bichi. Nikampigia Mama.

"Mama, saruji nliitaka mimi. Haji alinikataza."

Akasema: "Mpe simu Haji."

Nikampelekea. Nilisikia "Shikamoo, Bi Zuwena," kisha sauti ya Mama kwa mbali ikimtaka radhi, kisha, "Yashapita hayo, Bi."

Mimi hakutaka kusema nami tena. Jioni dada ndiye aliyeniletea maneno yake: mwezi wa Ramadhani atafunga akiwa chumbani kwake, chokaa ikishakauka, na wale majirani wawili niwaendee mwenyewe.

Nimeona haya, na nimepata nafuu pia.

Kesho nitaanza kwa Bi Rukia, mmoja wao. Akishajua yeye, mpaka sokoni Darajani watakuwa wanajua.