Kipigo cha Pili

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga pasi skafu mbili za sare, yangu na ya Rehema, mhudumu mwenzangu. Rehema na pasi ya mkaa hawapatani, huunguza kila kitu. Kesho Dar mara mbili, kwenda na kurudi. Kampuni ina ndege mbili tu. Moja ikikohoa, wahudumu ndio tunaoomba radhi. Tangu watu binafsi waruhusiwe kurusha ndege, kila mwenye tiketi anataka kutendewa kama waziri. Kikaoni meneja karudia wimbo wake: mteja ni mfalme. Nikamuuliza, mfalme akilewa je? Watu wakacheka. Akasema tabasamu halijawahi kumuumiza mtu.

Miguu inauma. Jumapili nipande Tengeru kwa baba, nimpelekee sukari.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike leo, kabla sijaanza kujidanganya.

Ndege ya mchana kutoka Dar. Kiti cha nyuma kabisa alikaa Bwana Aloyce, muuza vipuri vya magari hapa mjini, Mchaga wa Rombo, mtu wa makamo. Alipanda amelewa. Tulimwona na tukampisha, maana ni mteja wa kila wiki. Angani akadai kinywaji cha tatu. Rehema akamnyima kwa adabu zote. Akamfuata nyuma ya pazia, tunapotengenezea chai.

Nikasikia kikombe kikianguka. Nilipoingia, alikuwa ameishika skafu ya Rehema kwa mikono miwili, ameizungusha kama mtu anayekamua nguo. Rehema hakuwa na sauti tena. Nikamvuta shati, akanipiga kiwiko cha kifua. Nikachukua chupa ya chai, ile ya chuma, imejaa kahawa. Nikampiga kichwani. Akaachia, akapiga magoti.

Hapo ilikuwa imekwisha. Rehema amelala sakafuni anakohoa, uso ukutani. Pazia limefungwa. Bwana Aloyce akainua uso kunitazama. Hakuwa na nguvu hata ya kusimama.

Nikampiga tena. Jicho la kushoto.

Nilitaka kuandika kwamba sijui kwa nini. Najua. Nilikuwa na hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Polisi, tangu asubuhi hadi saa tisa. Nimetoa maelezo. Nilipiga mara moja, kumwokoa mwenzangu. Jicho aliumia alipoanguka, labda pembe ya kabati. Askari akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Mwandiko wake mzuri sana.

Rehema katoa maelezo yake. Kasema aliona kipigo kimoja. Hasemi uongo. Hakuona kingine.

Jicho limeondolewa hospitali. Meneja amenisimamisha kazi hadi kesi iishe. Hakutabasamu.

Jumatano, 12 Machi
Wakili wa kampuni ni kijana, viatu vinang'aa. Kaniambia sheria iko upande wangu. Mtu akimnyonga mwenzako, una haki ya kumpiga hadi aachie. Akishaachia, haki imekwisha. Baada ya hapo ni kujeruhi, na kujeruhi ni jela.

Akaniuliza: ulipiga mara ngapi? Nikasema moja. Akasema vizuri, shika hapohapo. Usimsogelee Bwana Aloyce. Usimpelekee salamu, pole wala msamaha. Na ndugu zako vilevile.

Nikaitikia. Baba hajui lolote kutoka kwangu. Nimeona aibu kupanda. Nitakwenda Jumapili nimweleze na hilo la msamaha.

Jumapili, 16 Machi
Nimechelewa siku moja.

Habari zilishamfika sokoni Tengeru. Jana baba na baba mdogo walivaa makoti ya kanisani wakashuka mjini hadi kwa Bwana Aloyce, Elerai. Baba alikata jani la isale kwenye uzio wetu, akalifunga fundo, akampa kwa mikono miwili. Kwetu Wameru na kwao Wachaga, mtu akikuletea isale anasema nimekosa, nisamehe. Anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hata aliyeuliwa ndugu hupokea.

Nikamuuliza baba, alipokea? Akasema alipokea. Alikuwa na bandeji nusu ya uso, akalipokea, wakanywa pombe ya mbege kidogo.

Nikamwambia alichosema wakili. Baba akasema, "Mwanangu, mtu amepoteza jicho. Ulitaka tukae tu?"

Nilimkasirikia na ninaona haya kumkasirikia. Shangazi akaniletea kahawa. Harufu ilinifika, nikaimwaga migombani.

Jumatatu, 24 Machi
Nimesomewa shtaka. Kujeruhi vibaya. Nimekana. Dhamana nimepewa, baba mdogo kaniwekea.

Mdogo wake Bwana Aloyce alilichukua lile jani akalipeleka polisi. Sasa ni kielelezo. Limo kwenye bahasha ya kaki, limeanza kukauka. Mwendesha mashtaka anasema familia ya mshtakiwa imekwisha kukiri. Wakili akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyevunja dirisha.

Jumanne, 29 Aprili
Kesi imeahirishwa. Mvua. Hakimu yuko safarini.

Nasikia ule mlio. Hauji kwa ndoto, unakuja mchana, mtu akifunika sufuria, konda akigonga bati. Kipigo cha kwanza sikisikii kabisa. Ni cha pili tu. Kilikuwa na mlio mwororo kuliko cha kwanza.

Rehema amekuja na maandazi. Anasema nimemwokoa maisha, anawaombea walionizaa. Shingoni bado ana alama. Nilitaka kumwambia. Nikala andazi.

Jumatano, 11 Juni
Imeahirishwa tena. Shahidi hajafika, yaani daktari.

Nilikuwa nimekaa benchi la kwenye korido. Bwana Aloyce akapita na mkewe. Amekonda, amevaa miwani myeusi. Inasemekana ameacha pombe. Alipita kwangu kwa upande asiouona, karibu kabisa, koti lake likanigusa goti. Mtu mzima kapita na mimi sikumwamkia. Mama yangu angekuwa hai angenichapa.

Yule ndiye mtu pekee duniani anayejua. Nilipopiga cha pili alikuwa ananitazama.

Jumanne, 22 Julai
Kesho anatoa ushahidi. Wakili kanikaririsha tena: moja, moja, moja. Daktari keshasema majeraha ni mawili na hakutaja pembe ya kabati. Kwa hiyo yote yako mdomoni mwa Bwana Aloyce. Akisema mara mbili, ninafungwa.

Nimefua nguo zote zilizomo nyumbani, hata zilizo safi.

Jumatano, 23 Julai
Aliapa kwa Biblia. Alivua miwani bila kuambiwa. Jicho ni la kioo, halikufuata alipogeuka.

Akaeleza alivyolewa. Hakujipunguzia hata kidogo. Kasema alimkaba binti wa watu na angemuua. Mkewe alikuwa anatazama sakafu.

Mwendesha mashtaka akauliza: alikupiga mara ngapi?

Akageuza kichwa kizima ili anipate kwa jicho lililobaki.

"Mara moja," akasema. "Jicho niliumia nikianguka."

Mwendesha mashtaka akakasirika. Akatoa jani kwenye bahasha, limekuwa la kahawia, fundo bado lipo. Akauliza, kama hawana kosa, hili walikuletea la nini?

"Hilo ni la mimi na baba yake," Bwana Aloyce akasema. "Nilishalipokea. Wewe hukuletewa."

Watu wakaguna. Hakimu akagonga meza. Mlio uleule.

Alhamisi, 14 Agosti
Sina kesi ya kujibu. Hakimu kasoma kurasa nne. Kujihami na kumhami mwenzake, kwa nguvu iliyolingana na hatari. Sikupanda kizimbani kujitetea. Hakuna aliyeniuliza mara ngapi. Lile neno moja nililokuwa nimelikariri miezi mitano limebaki mdomoni, halina pa kwenda.

Rehema alilia. Wakili alinipa mkono. Meneja katuma ujumbe nirudi kazini Septemba, na kwamba chupa za chai sasa zitakuwa za plastiki.

Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi kama dakika kumi. Halafu nikakumbuka kwamba mtu aliyeapa amesema uongo kwa ajili yangu, na kwamba alisamehe alichoombwa na baba. Baba aliomba msamaha wa kipigo kimoja, maana ndicho alichosikia sokoni. Cha pili hakuna aliyekiombea.

Jumapili, 24 Agosti
Baada ya ibada nilimweleza baba. Tulikuwa kwenye uzio. Alinipa panga.

Nikakata isale mwenyewe. Nikalifunga fundo, likafunguka, nikalifunga tena.

Elerai nilifika saa tisa alasiri. Bwana Aloyce alikuwa barazani, peke yake. Nikasimama kushoto kwake, nikamnyooshea, akawa haoni. Nikazunguka. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba. Nikampa kwa mikono miwili.

Akalitazama. "Baba yako alishaleta."

"Lile lilikuwa la kwanza," nikasema.

Alilishika muda mrefu mapajani. Akaniambia nikae kwenye kiti. Mkewe akatoa vikombe na chupa ya chuma, kama ile ya ndegeni. Bwana Aloyce akaichukua mwenyewe, akaanza kunimiminia. Kahawa. Ilikuwa inamwagika nje, hapimi vizuri siku hizi. Nikasogeza kikombe.