Kipande Alichokibusu Kaka Yadollah

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uwe wa haraka kidogo, maana nina miaka themanini na mmoja, moyo wangu umechoka, daktari ameacha kunipa tarehe za mbali, na sitaki kuondoka na jambo hili kifuani.

Siku tuliyomzika baba, mwokaji wa sangak, mkate unaookwa juu ya kokoto za moto, hapa Isfahan, nilimwambia kaka yangu Yadollah mbele ya waombolezaji, "Kazi ya tanuri haitaki akili," nikaenda zangu kusomea kemia hadi nikawa mwalimu, naye akabaki juu ya kokoto zile akitulisha sote, na hadi leo sijamwomba radhi.

Miaka miwili iliyopita mjukuu wangu Golnar aliniletea udongo wa plastiki, ule unaookwa kwenye oveni ya nyumbani, nikaanza kulitengeneza duka la baba, dogo la kuenea kwenye sinia. Kuta zikakubali, mizani ikakubali, mkate ukakataa. Yadollah huja kila Ijumaa kunywa chai, na kila Ijumaa alinicheka: "Mwalimu, huo mkate au soli ya kiatu? Mkate unapumua, bwana. Wako maiti!" Nikauchomachoma kwa mswaki, nikaukandamiza kwa foili iliyokunjwakunjwa, bado soli. Mwishowe nilichanganya chembe za chumvi ya mawe ndani ya udongo, nikauoka, nikauloweka majini, chumvi ikayeyuka na kuacha matundu; nikapaka unga wa chaki ya kahawia kwa brashi kavu, kwenye vinundu tu, pale mkate unapoungua kweli.

Ijumaa iliyopita pembe ya mkate ule ilivunjika ikaanguka zuliani. Yadollah akaiona, akadhani ni mkate wa kuliwa, akainama na magoti yake mabovu, akaiokota, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso, kama tunavyouheshimu hapa mkate ulioanguka, akaiweka dirishani. "Usomi wote huo," akanikemea, "na bado unakanyaga riziki?"

Mshauri, mtu aliyeoka kwa miaka hamsini amebusu udongo wangu! Nilitaka kuruka, miguu ikanikumbusha umri. Lakini nikimwambia, ataona nimefanyia mzaha riziki, na yeye pia. Nifanyeje?

Manuchehr, Isfahan

JIBU

Mwalimu Manuchehr, hongera, na aibu kwako, vyote kwa pamoja. Udongo haukusumbui hata kidogo, kinachokusumbua ni lile neno la mazikoni. Ulisema kazi ile haitaki akili, kisha ikakuchukua miaka miwili na kemia yako yote kuiga ganda la mkate wake tu. Mwambie hivyohivyo, kwa maneno hayo. Usingoje Ijumaa, mwite leo. Anza na radhi, kipande baadaye. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Usicheke kabla yake. Kisha mmiminie chai unyamaze.

Sikutaka jibu hili lingoje gazeti, nikamsomea Mwalimu kwa simu Jumatatu. Jumanne akanipigia, sauti juu kama kijana. Yadollah alisikiliza radhi yote na siri ya udongo, akakitoa kipande dirishani, akakitia mdomoni, akauma.

"Chumvi imezidi," akasema. "Lakini huu ni mkate wa baba."

Akakifuta kwa kiganja, akakibusu tena, akakirudisha palepale dirishani.