Ng'ombe wa Mjomba Hachaguliwi kwa Simu

Rusumo, mpakani

Dada Damari,

Shikamoo. Shikamoo ya mama mpelekee peke yake, uinamie sikio lake linalosikia, asije akasema nimemchanganya na kundi. Mguu wake unaendeleaje? Na karanga, mmezing'oa zote au upepo umewakuta bado shambani? Huku nilipo ni vilima vya kijani, kila kitu kinaota bila kubembelezwa, lakini macho yangu yanaitafuta ile nchi yetu ya Chamwino ambako mgeni unamwona tangu akiwa mbali, ukapata muda wa kumtekea maji kabla hajafika.

Mimi ni mzima. Gari limesimama hapa wiki ya pili sasa, kwa kuwa mwenye mzigo hajakamilisha karatasi zake. Tuko madereva wengi kwenye maegesho, tunafua, tunapika, tunabishana. Vitabu nilivyobeba nimevimaliza, sasa nasoma maandishi ya pakiti za chumvi. Kila asubuhi wakala wa forodha anapita na pikipiki yake. "Mzee Asheri, bado. Kesho." Hazimi hata injini.

Unajua nikiwa barabarani nikisimama pale nyumbani, hata kwa kununua zabibu tu, simu inaita. Kuna kifaa ndani ya gari kinachowaonyesha ofisini nilipo. Anayepiga ni kijana anayetupangia safari, rika la Joeli wangu.

"Mzee, mbona umesimama?"

"Nakunywa maji, mwanangu."

"Kunywa huku unatembea, mzee. Mteja anasubiri."

Ndiyo maana mnasikia honi tu, mnaona vumbi. Lakini hizi wiki mbili hakuna aliyenipigia kuniuliza mbona nimesimama. Nilipompigia mimi, nikamwomba nimwachie gari mwenzangu nipande basi nije kuwaona, alishangaa kweli. "Uende wapi, mzee? Si umekaa tu? Kaa na gari."

Na hapa mpakani wameshanijua. Mama lishe akienda sokoni ananiachia mtoto. "Babu, wewe si upo?" Mwenye kibanda cha vocha ananiachia funguo. Mtoto namshukuru, analala vizuri kifuani kwangu. Ila nina miaka hamsini na sita, dada, na nimekuwa kama msumari wa ukutani, kila apitaye anatundika cha kwake.

Sasa niseme kilichonikalisha kuandika. Juzi shemeji Yona alinipigia. Najua tangu kaka yake, baba yake Neema, alipofariki yeye ndiye anayesimamia mambo ya binti yako, na simlaumu kwa hilo. Aliniambia wageni wa Mpwapwa wanaleta mahari Jumamosi, na ng'ombe wa mjomba, yule mmoja wa kwangu katika mahari, nitamchagua kwa simu. Nilidhani anatania.

"Dunia imebadilika, shemeji! Tunakuonyesha zizi zima kwa video. Wewe unasema huyu, tunamtia alama, kwisha."

Jana akanifanyia majaribio na ng'ombe wenu. Niliona mkia, nikaona kidole cha Yona, nikamsikia mama akiuliza, "Asheri yumo humo ndani?" Kisha mtandao ukakatika.

Nilikuwa nimemweleza kwamba nikishusha mzigo Kigali nitarudi na gari tupu, na kwamba bosi mwenyewe, si yule kijana, ameniruhusu kulaza gari nyumbani usiku mmoja. Yona alicheka. "Watu wana shughuli zao, Asheri. Wewe huko huna cha kufanya, simu utapokea saa yoyote." Nikasema sawa. Nimezoea kusema sawa, hata hiyo ilitoka kabla sijaitazama.

Leo asubuhi wakala amekuja akazima injini. Karatasi zimefika, kesho navuka. Kwa hiyo Jumamosi nitakuwa Kigali, juu ya tela, nafungua maturubai, na nyumbani nitafika katikati ya wiki inayofuata.

Dada, unakumbuka ulipoolewa wewe? Mjomba wetu alikuwa anavua samaki Mtera, habari ilimfikia imechelewa. Wageni walifika, ng'ombe wakaingia zizini, na baba hakumruhusu mtu yeyote kuwagusa. Wageni wakalala kwetu, wakanywa uji wetu wa mtama, wakaimba. Mjomba alipotokea, vumbi hadi kwenye nyusi, alinawa, akala, akawazungukia ng'ombe wote akiwapapasa migongo, ndipo akasema, "Huyu." Hata hakuchagua mnene. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ua wa zizi, na sikumsikia mtu akimuuliza amechelewa wapi.

Miaka ile mumeo alipoanza kukunyanyasa ulikwenda kwa nani? Ulikwenda kwake Mtera, na yeye akarudi na wewe, akaketi na wakwe zako, mambo yakatulia. Aliweza kwa sababu walimwona kwa macho siku ile ya zizi. Mama alijaliwa mtoto mmoja tu wa kiume. Neema hana mjomba mwingine. Ikitokea akagombana na mwenzake, atabisha hodi kwa mkia na kidole?

Simtaki ng'ombe kwa ajili yangu. Nitamwacha kwako, maziwa anywe mama. Ninachotaka ni kuingia zizini mbele ya wageni wale, wanione nilivyo, wanijue sura.

Kwa hiyo ile sawa naiondoa. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako mara nyingi iko mkononi mwa Yona, nami nataka haya yasomwe mbele ya wazee bila kukatikakatika. Anayekuletea ni Hamisi, dereva mwenzangu anayegeuza gari leo kurudi huko. Mpeni maji na msimcheleweshe, naye ana watu wanaompigia. Waombeni wageni, kwa heshima, wasogeze siku. Wakishindwa, pokeeni mahari yao, sitanuna. Lakini mtu yeyote asichague kwa niaba yangu, na asiseme nilikuwepo.

Nisalimie mama, na jirani anayemchotea maji. Msalimie shemeji Yona, mwambie sina ugomvi naye. Salamu kwa mwalimu wa kwaya, na kwa shangazi wa Mvumi mkionana. Neema mwambie nimemnunulia kitenge, rangi niliichagulia kwenye mwanga wa jua, si wa dukani.

Nimewasubiri wengi katika kazi hii, dada, na sijawahi kumwomba mtu anisubiri. Nawaomba ninyi. Nisubirini.

Ni mimi mdogo wako,
Asheri