Sitakuita Tena Mjomba

Mpendwa Baba,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua. Nina hasira na wewe. Nikiwa mbele yako sauti hunikauka, kwa hiyo tafadhali isome hii mpaka mwisho.

Unalikumbuka jiko letu la Mjimwema, hapa Njombe? Ulibandika magazeti ukutani kuzuia baridi, ukanipakata karibu na moto na kunionyesha herufi kwa kidole chenye unga wa mbao. Nilipoanza darasa la kwanza nilikuwa nimeusoma ukuta wote. Ukawaambia wateja wako kwamba binti yako atakuwa hakimu. Binti yako. Ulilitamka bila kuangalia nani anasikia.

Kisha ukahamia Makambako kufuata biashara ya mbao, ukaoa huko. Hayo watu wazima wameshayazungumza, na Mama ameshalia akanyamaza. Langu mimi ni lile la stendi. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimekuja kwako likizo. Ulinipokea begi, ukainama na kusema polepole, "Ukifika nyumbani uniite mjomba. Nimewaambia wewe ni mtoto wa dada." Halafu ukaninunulia soda.

Nikakuita mjomba, likizo ile na zilizofuata. Mke wako alinisifu kwamba mpwa wako ana adabu, haropoki. Ukacheka naye. Mimi nilishinda nimeinamia kitabu ili nisiongee, nawe ukasema, "Huyu na vitabu vyake." Hukuwahi kuuliza nasoma nini. Nilikuwa kwenye ukurasa uleule tangu asubuhi.

Mwaka Mpya huu mchungaji alituambia vijana tujiulize mwaka uliopita tumekua katika jambo gani. Wenzangu walitaja kipaimara, wengine hesabu. Mimi niliona sketi tu, imekuwa fupi. Kesho yake nikapanda basi kuja kwako.

Niliwakuta mnakula wali. Nikapiga goti kama Bibi alivyonifundisha, nikasema, "Shikamoo, Baba."

Mke wako akaweka kijiko chini. "Baba tena? Si mjomba wako huyu?"

"Ni baba yangu mzazi," nikasema. "Mama yuko Njombe."

Binti yenu mdogo akanikatalia palepale: "Ni baba yangu mimi, siyo wako." Nikamwambia ni wetu sote. Akanitazama, akatafuna, akasogea kwenye mkeka ili nikae. Mtoto yule alinipa nafasi, Baba. Wewe ulikuwa unaangalia sahani.

Ulinirudisha stendi ukitangulia mbele kama mtu asiyenijua. Basi lilipowashwa ndipo ukaongea: "Siku hizi mdomo wako umekua."

Ulitaka liniume, na liliniuma mpaka Njombe. Lakini nililigeuzageuza njia nzima, mvua ikipiga kioo, nikaona umesema kweli bila kutaka. Mwaka jana nisingeweza. Mwaka jana ningeshika soda yangu nikanyamaza. Hasira haijaisha, ila sasa najua ni yangu na ina sababu. Zamani nilidhani ni aibu.

Juzi mke wako alimpigia Mama simu. Mama alitoka akaenda uani kuzungumza naye, akarudi akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mwishowe akaniambia yule mama ameomba radhi. Sikuelewa. Yeye alidanganywa kama sisi tulivyofichwa, halafu ndiye wa kwanza kuomba radhi?

Likizo ijayo siji Makambako. Ukinihitaji, njia ya Njombe unaijua. Njoo mchana, majirani wakiwa nje, upige hodi. Bibi hutoka yeye kufungua, na siku hizi macho yake hayaoni vizuri, atakuuliza wewe ni nani kwetu. Mimi nitakuwa ndani, sitakusaidia kujibu.

Ubaki salama.

Mwanao wa kwanza