Mke wa Mzee wa Posta

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee ninapofanya kazi, kwenye mapumziko ya saa sita. Najua katekista ndiye atakayekusomea, na majirani wa kambi nzima ya wakimbizi watajaa mlangoni. Waache wasikie. Nina kosa la kuungama, na Alhamisi haiko mbali.

Alhamisi asubuhi nakwenda Irving kwenye usaili wa uraia wa Marekani. Nikifaulu, nitaweza kuomba uletwe huku. Nikishindwa, sitaki hata kufikiria. Jana nilimpaka bibi mmoja dawa ya meno mikononi nikidhani ni losheni. Aliinusa mikono yake, akaniuliza kama niko salama.

Unakumbuka nilivyokuwa nakukariria majibu ya usaili kwenye simu baada ya misa? Marais hukuwataka. Ulimpenda mmoja tu, yule mtoto wa mtengeneza mishumaa aliyemtoroka kaka yake kwenye kiwanda cha uchapaji, akafungua gazeti lake, akaanzisha maktaba ya watu kuazima vitabu, akasimamia posta, mwisho akatumwa Ulaya kuisemea nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inazaliwa. Jina lake lilikushinda, ukamwita Mzee wa Posta. Ulisema mtu anayehangaikia barua za wenzake hawezi kuwa mbaya.

Kisha ukauliza habari za mkewe, "Wakati yote ile iko Ulaya, bibi yake alibakia na nani?"

Sikujua. Nilimuuliza Mama Shiro, Mkenya anayetufundisha kanisani, akasema, "Hiyo hawaulizi. Jibu swali, halafu nyamaza. Na usi-panic." Lakini swali lako lilinikaa kichwani, nikaenda maktaba hapa Haltom City, nikapewa kitabu chembamba cha herufi kubwa. Nilikisoma siku mbili, kamusi kwenye simu.

Jumapili iliyofuata nilikuambia mke alipanda meli akamfuata, wakaishi pamoja hadi uzee. Ulicheka sana. "Yule ni mwanamuke kweli. Mimi siwezi panda ndege yenu. Chuma inakaa juu na hakuna kitu inaishikilia."

Mama, nilikudanganya. Mke wake aliogopa bahari, hakupanda meli hata siku moja. Alibaki akitunza nyumba na duka, akamwandikia barua mumewe, na mumewe akajibu kwa maneno matamu na zawadi. Aliugua, akafa, na mzee yuko bado ng'ambo. Nilificha kwa sababu nilijua ungesema, umeona, hata mke wa mkubwa alikataa, mniache hapa nilipo.

Nilimkasirikia huyo mke. Woga wake niliuona kama ukaidi tu, na wako pia, nisamehe. Ila nilipokisoma kitabu mara ya pili nilikuta jambo nililoliruka. Mume aliahidi kurudi, mwaka ukapita, ukaja mwingine, hakurudi. Ana kazi kubwa, ana wakubwa wa kuonana nao. Nikafunga kitabu. Mimi nakuambia "mwaka kesho, mama" kila Krismasi, huu ni mwaka wa tisa. Mara zamu, mara gari bovu, mara karatasi. Karatasi za safari ningeweza kuziomba zamani. Kusema kweli, nilikuwa naogopa kukuona ulivyozeeka, na kukuacha mara ya pili.

Mama Shiro anasema Alhamisi, kabla ya swali lolote, nitainua mkono wa kulia na kuapa kusema kweli. Mkono huo utakuwa mzito kama sijakwambia wewe kwanza.

Najua unaogopa. Ziwa pia uliliogopa. Usiku ule tunakimbia mji wetu wa Baraka kwa boti ulifungua kitenge chako, ukatufunga mimi na wewe kiunoni kwa fundo moja. Nilikuuliza kwa nini unanibana hivyo. Ulisema, "Tukienda, tunaenda wote." Mpaka Kigoma hukulifungua, na nilikuwa nimekukojolea. Hukuniambia nisiogope, na wewe mwenyewe ulikuwa unaogopa.

Basi sikuambii usiogope. Huenda Alhamisi nikasahau hata jina langu mbele ya afisa. Lakini nifaulu nisifaulu, likizo ya Juni nimeshaiomba, na bosi ameitia sahihi leo asubuhi. Nakuja. Ukikataa ndege, nitakaa na wewe siku zote nilizopewa, utanipikia sombe yako ya majani ya muhogo, na hutasikia "mwaka kesho" kutoka kwangu tena.

Na siku ukikubali, tutapanda wote. Kila kiti cha ndege kina mkanda wake wa kufunga kiunoni. Wako nitaufunga mimi.

Wako uliyemfunga kwa kitenge,
binti yako