Rafu ya Dawa na Kichwa cha Bi Peigi

Duka la Jumuiya,
Kisiwa cha Torraig,
Scotland.
4 Novemba 2023

Dada yangu mpendwa Effie,

Salamu nyingi zikufikie huko Dunedin, upande wa pili wa dunia, wewe na shemeji Alasdair. Goti lako linaendeleaje tangu lile zoezi la kupanda kilima ambalo nilikukataza nawe ukalifanya? Na shemeji bado anakoroma au mmepata daktari? Huko kwenu najua ni majira ya maua. Huku kondoo wameanza kusimama wakiupa upepo mgongo, nami nafanya kama wao.

Mimi ni mzima. Nimeongezeka kilo tatu, ila ukiwauliza watu hapa watakwambia tano. Kaburi la mama nimelisafisha. Bomba la jikoni bado linavuja, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nimenunua vifaa, viko kwenye sanduku.

Viazi mwaka huu vimetoka vizuri, wala sitavisema zaidi, maana nina jambo la duka la kukueleza, na nikianza na viazi karatasi itakwisha.

Unaijua ile rafu ndogo nyuma ya kaunta: dawa za kichwa, za kikohozi, za mafua, na ile ya tumbo wanayoinunua wote baada ya harusi. Kampuni inayotuletea bidhaa ina masharti yake. Mtoto wa chini ya miaka kumi na sita haruhusiwi kuuziwa dawa hizo, na anayeonekana kijana lazima nimuulize kitambulisho. Mashine ya kuuzia yenyewe husimama ikaniuliza kama nimeangalia umri wa mteja. Nayo haina subira, inalia kama mwanakondoo hadi nibonyeze.

Basi mwezi wa nne kampuni iliniletea mtu wa kunijaribu, ajifanye mteja. Effie, yule mtoto alikuwa na ndevu! Ndevu nzito kuliko zangu, na sauti kama ya mchungaji wa kanisa. Nilimwita bwana. Nikamfungia pakiti mbili nikamtakia safari njema. Kumbe ana miaka kumi na tano. Ikaja barua: nikishindwa mara ya pili, rafu inaondolewa. Na wewe unajua maana yake. Duka la dawa lililo karibu ni bara, saa mbili na nusu kwa boti, na boti yenyewe ni siku tatu kwa wiki bahari ikikubali. Mtu homa ikimshika Jumamosi angemsubiri nani?

Kamati ya duka ikanikalisha kitako. Hawakunitukana. Walinitazama tu, mmoja mmoja, kila mtu na ugonjwa wake. Afadhali wangetukana.

Tangu hapo kisiwa kizima kikawa kinanilinda. Niall, yule binamu yetu anayefunga kamba za boti gatini, alijipa kazi ya upelelezi. Mgeni akishuka, simu inalia kabla mguu haujakauka.

"Torcuil, amka! Kuna mmoja. Koti jekundu. Anaangalia huku na huku."

"Kijana?"

"Sijui, amevaa kofia. We muulize tu!"

Aliingia mtu mwenye darubini ya kutazamia ndege. Akataka biskuti na vidonge vya koo. Mashine ikalia, nami nikajikaza.

"Samahani, bwana. Una umri gani?"

"Sitini na moja."

"Una kitu cha kuthibitisha?"

"Nina meno ya bandia. Nikutolee?"

Nilimpa vidonge vyake. Alirudi kesho yake na mkewe, akamwonyesha mimi, kama vile mimi ndiye ndege waliyemfuata.

Sasa sikiliza. Jumanne ya wiki ile watoto walipokuwa likizo kutoka shule ya bara, akaingia Mairead, mjukuu wa Bi Peigi. Siku hizi analala bwenini kule na kuja likizo tu, amerefuka, ana mikono ambayo hajui aiweke wapi. Akasimama mbele ya kaunta, amekuwa mwekundu kama kaa aliyechemshwa.

"Mjomba Torcuil, nipe parasetamo pakiti moja."

"Za nani?"

"Za bibi. Kichwa kinamuuma. Amenituma."

Dada, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye rafu. Si ndivyo tulivyokua? Nani kati yetu hakutumwa dukani kuchukua dawa ya bibi? Pakiti ilikuwa kiganjani. Ndipo mashine ikalia, na mimi nikaona sura za kamati, mmoja mmoja.

"Siwezi, mwanangu. Hujafika umri."

"Lakini mjomba, unanijua!"

"Ndiyo tatizo, nakujua mno. Unatimiza kumi na sita tarehe tatu Desemba. Bado wiki tano na siku kadhaa."

Alikuwa na macho ya mtu anayetaka kusema kitu na amekatazwa. Nilidhani ni huruma kwa bibi yake.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Bi Peigi ana miaka themanini na moja. Yule mama alivunjika mkono akamaliza kwanza kukata manyoya ya kondoo wawili waliobaki. Kama Bi Peigi anatuma mtu dawa ya kichwa, basi si kichwa, ni mwisho. Nikatia pauni yangu mwenyewe kwenye droo, nikatia pakiti mfukoni, nikamwambia Mairead, "Toka, nafunga. Nampelekea mwenyewe."

"Mjomba, ngoja kwanza..."

"Hakuna kungoja!"

Nikafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi ya baba. Nikapanda kile kilima mbio. Nasema mbio, lakini mbwa wa Niall alinipita akitembea. Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Mairead nyuma yangu anaita, mimi sisikii kwa kuhema.

Bi Peigi nilimkuta shambani, anachimba viazi.

"We Torcuil mwana wa Ishbel, unakufa?"

"Nimekuletea dawa," nikasema, nilipoweza kusema.

"Dawa ya nini?"

"Ya kichwa. Kinakuuma."

"Kichwa changu hakijaniuma tangu nimzike mume wangu. Wewe ndiye unaonekana unahitaji. Kaa chini kabla hujaniangukia kwenye matuta."

Nikamgeukia Mairead. Akawa analia na kucheka pamoja. Kumbe mtu wa kunijaribu safari hii ni yeye! Yule mwenye ndevu alitapika safari nzima ya mwezi wa nne, akaapa hatakanyaga boti tena, na wenzake wa bara waliposikia wakakataa wote. Kampuni ikamchukua mtoto pekee pale shuleni asiyetapika baharini. Hawakuuliza kwa nini hatapiki.

Na ofisa aliyemleta, Bi Lomax, tulikuwa tumemwacha nje ya duka lililofungwa, mvuani, chini ya kile kibati kinachokinga magazeti mlangoni.

Niall ndiye aliyemwonea huruma akamleta kwa trekta. Aliingia jikoni kwa Bi Peigi akidondosha maji, na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni. Bi Peigi akampa supu kwanza, maswali baadaye. Halafu Bi Lomax akaniuliza mimi, kwa upole lakini kikazi:

"Bwana, uliomba kitambulisho?"

"Hapana."

"Fomu inataka uombe."

"Ningemwomba cha nini? Siku aliyozaliwa bahari ilichafuka, daktari hakuweza kuvuka. Mimi ndiye niliyetumwa kumleta mkunga kwa trekta. Nikalizamisha kwenye tope, mkunga akatembea maili nzima akinilaani."

"Ilikuwa saa tatu asubuhi," Bi Peigi akadakia, "na mkunga alifika na kiatu kimoja. Cha pili bado kiko kule topeni. Nenda kachimbe kama unataka ushahidi!"

Bi Lomax akatazama fomu yake, akanitazama mimi, akaitazama ile pakiti ya dawa ambayo bado nilikuwa nimeishika kama mtoto aliyeshikwa na peremende. Akaomba supu tena. Akaondoka na boti ya jioni bila kutuambia matokeo.

Siku kumi, Effie. Siku kumi sikulala vizuri. Kila aliyeingia dukani aliiangalia ile rafu kabla ya kunisalimu. Wengine walianza kununua za akiba, nikawakataza, kila mtu pakiti zake mbili tu.

Barua ilikuja jana. Niliifungua mbele ya watu kumi na mmoja na mbwa. Nakunakilia neno kwa neno: "Muuzaji alikataa kuuza. Hakuomba kitambulisho, alitaja tarehe ya kuzaliwa ya mteja, nayo ni sahihi. Kisha alifunga duka akampelekea mgonjwa dawa kwa miguu. Fomu haina mahali pa kuandika hili. Amefaulu." Chini yake, kwa wino mwekundu: duka lisifungwe saa za kazi.

Rafu imebaki, dada. Niall alipiga kelele hadi gatini.

Kamati sasa imeamua bibi anayetaka dawa asitume mtoto, apige simu, nami nitapeleka jioni. Tangu asubuhi wamepiga bibi saba. Hakuna hata mmoja anayeumwa. Mmoja alitaka tu kujua kama ni kweli nilikimbia.

Aliyekasirika ni Bi Peigi peke yake. Habari kwamba anaumwa kichwa zilifika pande zote za kisiwa kabla sijashuka kilimani, na hadi usiku alikuwa amepokea vyungu vitatu vya supu na ugeni wa mchungaji wa kanisa. Anasema siku akifa kweli hatamwambia mtu.

Nisalimie shemeji Alasdair, na Catriona na wanawe, na yule mdogo ambaye picha yake naionyesha kwa kila mnunua mkate. Niall anakusalimu, Mairead anakusalimu na anaomba usimwambie mtu kwamba alilia. Bi Peigi anakusalimu na anasema goti lako ulipake mafuta ya kondoo, usiwe mjinga.

Mungu akulinde kila upandapo na kila ushukapo, hasa ushukapo.

Mimi mdogo wako akupendaye kuliko anavyoandika,

Torcuil