Masikio ya Ng'ombe wa Naserian

Jumatatu, 3 Juni

Lenzi imejaa vumbi tena. Nimeifuta kwa kanga kuukuu, ile niliyokatazwa kuitumia. Kijijini Daa tangu alfajiri, kwa Mama Pasikalina. Ukungu, baridi ya kung'ata. Picha mia moja na kitu, nzuri tatu.

Moja ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Naserian anakamua. Mikono yake tu, kibuyu, kichwa cha ng'ombe kimegeuka kunitazama, moshi wa jikoni nyuma. Hakujipanga. Hata hakukumbuka kama nipo.

Aliniomba nisipige sura yake wala ya mabinti zake wawili. Ni mjane tangu mwaka jana, wa kule juu Ngorongoro. Hana mtoto wa kiume, kwa hiyo shemeji yake Lekishon anasema ng'ombe wote ni wake. Sita aliwatorosha kabla hawajachukuliwa. Yeye, mabinti na ng'ombe wako Daa kwa Mama Pasikalina, Mwiraqw, mke wa rafiki wa marehemu mumewe. Hao sita ndio ada ya shule, ndio chakula, ndio kila kitu. Nikamwahidi: hakuna sura, hakuna jina. Nimetimiza.

Jumanne, 4 Juni

Meneja wa loji iliyoniagiza picha ameipenda hiyo hiyo. Alitaka maisha halisi, si watu waliopangwa mstari kama picha ya kipaimara. Ameiprinti kubwa, imening'inia mapokezi. Wameiweka na mtandaoni. Maelezo niliandika mwenyewe: Asubuhi ya Daa, Karatu.

Watu wanaisifia. Mama amepiga simu kutoka Rombo, ameonyeshwa na jirani. Nimevimba kichwa, sikatai.

Jumatano, 5 Juni

Niandike ilivyokuwa.

Asubuhi nimepita loji. Mlinzi wa geti, mzee wa Kimasai, alikuwa amesimama mbele ya picha anacheka peke yake. Akaniambia, "Dada, huyu ng'ombe mimi namfahamu. Angalia sikio. La kushoto limekatwa hapa kwa pembeni, la kulia limepasuliwa. Huyu ni wa marehemu kaka yake Lekishon. Kumbe yuko Daa?"

Alikuwa amefurahi tu, kama mtu aliyekutana na jamaa mjini.

Sikujua. Sisi kwetu Rombo ng'ombe ni mmoja, yuko bandani nyuma ya migomba, nani atamkata sikio ili amtambue? Nimeficha sura ya mwanamke, halafu nimepiga masikio kwa ukaribu mpaka manyoya yanahesabika. Na kijiji nikaandika.

Nimemwomba meneja aiondoe. Ameniona nimechanganyikiwa, lakini mchana ameitoa, ukutani na mtandaoni. Watu walishaisambaza.

Daa sijaenda. Nimejiambia nitaenda kesho.

Alhamisi, 6 Juni

Saa tatu, namba ngeni. Sauti ya upole sana.

"Habari ya kazi, dada. Mimi naitwa Lekishon. Picha yako ni mzuri. Sasa naomba unipeleke hapo ulipiga, nisalimie ng'ombe yangu."

Nikasema amekosea namba. Jibu la kijinga. Jina langu na namba yangu vimeandikwa chini ya picha. Nikazima simu.

Sijaenda Daa. Nimesingizia manyunyu, nimesingizia bodaboda. Uongo. Huyo mwanaume ananitisha, lakini macho ya Naserian yananitisha zaidi. Mimi ni mwoga. Nimeshinda ndani nimefunga pazia.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya mnada, mji umejaa. Nikajua atakuja. Akaja.

Mrefu, safi, shuka mpya. Amekaa dukani kwangu, kwenye kiti cha wateja wa picha za pasipoti. Nikamkaribisha soda, akakataa. Saa mbili nzima. Hakunigusa, hakupaza sauti. Aliomba tu aone picha zote za siku ile. Nikasema kompyuta imeharibika, na yeye anaiona inawaka.

Akasimama. "Basi dada. Daa si kubwa. Nitauliza."

Hakuwa amefika hata kona ya pili, nikafunga duka. Bodaboda mpaka Daa, naomba Mungu njia nzima.

Nimemwambia Naserian yote, mpaka zile siku mbili nilizojificha. Hakupiga kelele. Aliyenifokea ni Mama Pasikalina. "Wewe mwanangu, tulikupa chai kwenye nyumba hii! Siku mbili unajua, unakaa?" Nililia, nikaona aibu kulia mbele ya mwenye msiba.

Naserian alikuwa anawatazama ng'ombe. Akasema watatoka alfajiri. Nikauliza wanaenda wapi, nisaidie hata kutafuta gari.

"Hapana dada. Wewe usijue."

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi Daa asubuhi bila kuitwa. Watano wameshaondoka, na Naserian, na mabinti. Wa sita amebaki. Ana mimba kubwa, asingeweza mwendo mrefu. Ni yule wa kwenye picha.

Saa nne Lekishon akafika na vijana wawili na mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alisema haya ni mambo ya ukoo, yeye amekuja kushuhudia tu. Lekishon akamshika ng'ombe sikio, akalipapasa kwa kidole, akaitikia kwa kichwa. Wakamfungua kamba.

Mama Pasikalina alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mchukue. Na ndama wa mjane umwite jina lako."

Lekishon alipopita karibu yangu alisimama. Akauliza wengine wako wapi. Nikatikisa kichwa. Akanitazama, akaenda.

Kamera ilikuwa begani muda wote. Sikuitoa.

Jumapili, 9 Juni

Sijaenda kanisani. Kila mguu ukipita dirishani naruka. Nimefuta picha za Daa zote, mpaka zile nzuri tatu. Nilifikiri nitapumua. Wapi.

Nimewakosesha watu ndama wao. Sijui hiyo inalipwaje.

Jumanne, 11 Juni

Lekishon amepiga tena mchana. Sauti ile ile. Anasema anajua mimi ni rafiki yake Naserian, anajua nimewahamisha mimi. Wako wapi?

Nikasema sijui.

Akauliza tena, polepole, kama anamwuliza mtoto. Nikasema sijui. Wiki nzima nilikuwa namdanganya huyu mtu na hakuamini hata mara moja. Leo nadhani ameamini. Akaaga vizuri, akakata.

Nimekaa chini kwenye sakafu ya duka. Naserian alijua nitaulizwa, na alijua kama ningejua ningesema.

Namba yake haipatikani. Mabinti sijui wanalala wapi, sijui wanaenda shule gani. Saa kumi manyunyu yameanza hapa mjini. Huko waliko sijui kama kunanyesha.